Sura ya Saba: Kila Doa Lina Chanzo Chake

Tarehe 6 Juni 1944, mpigapicha Robert Capa alishuka na askari wa Marekani katika ufuo wa Omaha, Normandy, akiwa na kamera zake za Contax. Picha chache zilizobaki za asubuhi ile, zenye mtikisiko na chembe nene, ni miongoni mwa picha za vita zinazojulikana zaidi duniani. Kwa karibu miaka 70 watu waliambiwa kwamba zilibaki chache kwa sababu ya ajali ya chumba cha giza. Masimulizi yalisema kwamba katika ofisi ya jarida la Life mjini London kijana mmoja alizidisha joto ndani ya kabati la kukaushia, jeleti ikayeyuka, na karibu kila kitu kikaharibika. Uthibitisho ulitafutwa kwenye negativu zilizosalimika, ambamo taswira imevuka mpaka wa fremu na kuingia katika eneo la matundu ya pembeni. Ilisemwa kwamba joto ndilo lililoisogeza.

Mwaka 2014 mhakiki wa picha wa Marekani, A. D. Coleman, pamoja na wenzake, walianza kuzipima hoja hizo moja baada ya nyingine. Maelezo waliyoyapata yalikuwa mepesi zaidi. Kaseti za Kodak hazikukaa sawasawa ndani ya Contax, kwa hiyo filamu ilipita nyuma ya lenzi ikiwa imehama kidogo, na mwanga ukaangukia hadi kwenye matundu. Kasoro hiyohiyo ilionekana katika picha ambazo Capa alizipiga kabla ya kufika ufuoni. Alama iliyohesabiwa kuwa ya chumba cha giza ilikuwa alama ya kamera. John Morris, aliyekuwa mhariri wa picha wa Life mjini London na msimulizi mkuu wa kisa hicho, alikubali mwaka huohuo kwamba huenda mikanda iliyosemwa kuharibika haikuwa na kitu tangu mwanzo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kosa lililofanyika pale ndilo linalofanywa kila siku na watu wanaosafisha filamu nyumbani. Mtu anatoa mkanda wake kwenye tangi, anaona mstari au doa, na papo hapo anataja mhalifu: dawa mbovu, maji ya bomba, filamu ya bei rahisi. Mara inayofuata anabadili dawa, anabadili maji na anabadili filamu, yote kwa pamoja. Doa likirudi, hajui kwa nini. Likiondoka, pia hajui kwa nini. Msimamo wa sura hii ni mmoja: negativu yenyewe hubeba ushahidi wa mahali na saa ilipoharibiwa, na ushahidi huo husomwa vizuri zaidi pembeni kuliko katikati ya picha.

Maswali manne kabla ya kulaumu

Vifaa vya uchunguzi ni vichache. Tafuta mwanga mweupe uliotawanyika sawasawa; skrini ya simu iliyofunguliwa ukurasa mweupe inatosha, mradi uinue filamu sentimita moja au mbili juu yake ili usizione nukta za skrini. Tafuta kioo cha kukuzia. Vaa glavu za pamba, au shika filamu kwenye kingo tu. Usikate mkanda vipande bado. Mkanda mzima, tangu ulimi wa mwanzo hadi fremu ya mwisho, husimulia mambo ambayo kipande cha fremu sita hakiwezi kusimulia.

Swali la kwanza: alama imeishia wapi? Filamu ya milimita 35 ina fremu za milimita 24 kwa 36, na pembeni mwake kuna ukingo wenye matundu, namba na jina la filamu. Filamu ikikaa sawasawa kwenye dirisha la filamu, mwanga uliopita kwenye lenzi hauna njia ya kufika kwenye ukingo huo. Kwa hiyo doa lililokatika sawia kwenye mpaka wa fremu lilizaliwa kwenye dirisha hilo au mbele yake: kwenye pazia au ndani ya lenzi. Doa linalovuka mpaka likapita kwenye matundu hadi ukingoni lilizaliwa kwingine: kwenye mlango wa kamera, kwenye kaseti, wakati wa kupakia filamu kwenye rili ya tangi, au ndani ya dawa.

Swali la pili: alama ni nyeusi au ni angavu? Katika negativu, weusi maana yake ni fedha nyingi. Kama kuna weusi usiotakiwa, basi mwanga wa ziada uliingia, au dawa ya kusafishia ilifanya kazi kupita kiasi mahali hapo, au filamu ilikunjwa ikiwa bado haijasafishwa. Kama kuna uangavu usiotakiwa, mwanga ulizuiwa, dawa haikufika, au utando wa jeleti umekwanguliwa ukatoka. Kumbuka kwamba kwenye picha iliyochapwa mambo hugeuka: doa angavu la negativu hutokea jeusi. Wengi hupotea njia kwa sababu huchunguza picha ya skana badala ya negativu yenyewe.

Swali la tatu: alama inajirudia, na kwa nafasi gani? Ikijirudia mahali palepale katika kila fremu, mshitakiwa ni kamera: unywele kwenye dirisha la filamu, au tundu dogo kwenye pazia la kitambaa. Ikijirudia kwenye mkanda bila kujali mipaka ya fremu, na umbali kati ya alama na alama ukiongezeka kidogo kidogo, basi filamu ilikuwa imeviringishwa wakati madhara yalipotokea, kwa kuwa kila mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Huo ni mwanga uliopenya kwenye kaseti, kwenye mfuko wa giza au ndani ya tangi.

Swali la nne: alama iko upande gani? Inamisha filamu hadi mwanga wa dirisha uteleze juu yake. Upande unaong'aa ni plastiki; upande uliofifia ni utando wa jeleti wenye fedha. Kilichokaa juu ya plastiki mara nyingi hufutika. Kilichoingia ndani ya jeleti ni kazi nyingine.

Mkanda mtupu na mkanda hafifu

Tuanze na msiba mkubwa kuliko yote, mkanda uliotoka hauna kitu. Usiutupe, tazama ukingo. Namba na jina la filamu huchapwa kwa mwanga kiwandani, kabla filamu haijafungwa. Zikionekana nyeusi na wazi, dawa yako ilifanya kazi yake yote, na filamu haikuwahi kupata picha: pengine ulimi ulichomoka kwenye kamera na mkanda haukusogea. Namba zisipoonekana kabisa, dawa ya kusafishia haikufanya kazi. Ama ilikuwa imekufa, ama fiksa, dawa inayotakiwa kuifuata, ilitangulia kumiminwa. Fiksa ikitangulia huondoa chumvi zote za fedha, na hapo hakuna cha kuokoa. Ndiyo maana inafaa chupa ziandikwe kwa herufi kubwa na zipangwe mezani kwa mfuatano wa kumiminwa.

Kwa mkanda hafifu, shahidi ni ulimi. Sehemu ile ya filamu iliyochomoza nje ya kaseti ilipigwa na mwanga wote wa mchana, kwa hiyo baada ya kusafishwa inapaswa kuwa nyeusi tii. Ulimi ukiwa mweusi na namba za ukingo zikiwa kali, lakini fremu zikawa hafifu, kosa ni la kipimo cha mwanga kwenye kamera. Ulimi ukiwa wa kijivu na namba zikawa zimefifia, kosa ni la dawa: imechoka, imezimuliwa kupita kiasi, ilikuwa baridi, au muda ulikatwa.

Michirizi kwenye matundu

Alama zinazosumbua watu wengi ni zile za angani. Anga tupu au ukuta mweupe haufichi kitu, na hapo ndipo kosa la kutikisa tangi hujianika. Kuna aina mbili, na tiba zake zinapingana, kwa hiyo ni lazima zitofautishwe.

Aina ya kwanza ni michirizi iliyo nyeusi kuliko anga yenyewe, inayoanza kwenye kila tundu na kuingia ndani ya fremu. Hii hutokana na kutikisa kwa nguvu. Dawa hupenya kwenye matundu kwa kasi, na sehemu inayopigwa na mkondo huo hupata dawa mpya mara nyingi kuliko jirani zake. Tiba yake ni kupindua tangi kwa utulivu.

Aina ya pili ni michirizi iliyo hafifu, inayoshuka kutoka mahali penye weusi mwingi au kutoka kwenye matundu. Fedha inaposafishwa huachia bromidi, na bromidi hupunguza nguvu ya dawa. Tangi likiachwa limetulia muda mrefu, mchanganyiko huo mzito huteremka kwa uzito wake na kuacha njia ambamo usafishaji umezuiwa. Tiba yake ni kutikisa zaidi, au kuacha mtindo wa kulitelekeza tangi kwa saa nzima na dawa iliyozimuliwa sana.

Utaratibu unaopendekezwa na kampuni ya filamu ya Ilford umekaa katikati ya makosa hayo mawili: pindua tangi mara nne katika sekunde 10 za kwanza, kisha mara nne tena mwanzoni mwa kila dakika. Kila mara ukipindua, zungusha mkono kidogo ili mkondo usipite njia ileile. Ukimaliza kupindua kwa mara ya kwanza, gonga kitako cha tangi mezani mara mbili tatu.

Kugonga huko kuna sababu yake. Dawa inapomiminwa kwenye filamu kavu, mapovu ya hewa hung'ang'ania utando. Chini ya kila povu dawa haifiki. Matokeo yake ni viduara vidogo vyenye ukingo mkali, angavu kwenye negativu na vyeusi kwenye picha. Ukiviona vimetawanyika ovyo mkanda mzima, huna haja ya kubadili dawa wala filamu. Gonga tangi, basi.

Iko pia alama ya ubahili wa dawa: ukanda mmoja hafifu unaokwenda kwa urefu wa mkanda, upande mmoja tu. Rili haikuzama. Matangi ya Paterson yana maelezo yaliyoandikwa kitakoni: mililita 290 kwa mkanda mmoja wa milimita 35, na mililita 500 kwa filamu ya 120. Pima kwa maji kabla ya kazi, mwanga ukiwa umewaka, uone kama rili inafunikwa yote. Na ukitumia tangi la rili mbili kwa mkanda mmoja, zuia rili isipande juu. Weka rili ya pili tupu juu yake. Halafu usisahau mrija wa katikati. Katika matangi hayo mrija ndio unaoziba njia ya mwanga, na tangi lililofungwa bila mrija ni tangi lililo wazi.

Alama za mikono gizani

Kupakia filamu kwenye rili gizani huacha alama mbili zinazotambulika mara moja. Ya kwanza ni nusu mwezi: alama ndogo iliyopinda, kwa kawaida nyeusi, karibu na ukingo. Hapo filamu ilikunjika kidogo kati ya vidole wakati ikisukumwa kwa nguvu, na chumvi za fedha zilizominywa husafishika hata bila mwanga. Sababu kubwa katika mwambao wetu ni jasho. Ndani ya mfuko wa giza mikono huloa baada ya dakika chache, rili ya plastiki hushika unyevu, na filamu hukwama. Kausha rili kabisa, kata ncha za ulimi ziwe za mviringo, fanya kazi hiyo alfajiri au usiku kunapokuwa na ubaridi, na filamu ikikwama usiilazimishe. Iweke ndani ya tangi, funga kifuniko, toa mikono, ifute, ndipo uendelee.

Alama ya pili ni baka lisilo na umbo maalumu, la rangi ya maziwa au la kijivu, lenye mpaka mkali. Mizunguko miwili ya filamu iligusana ndani ya rili, na dawa zote zikashindwa kupita kati yake. Picha iliyokuwa chini ya baka hilo haitarudi. Kinachowezekana ni kuirudisha filamu kwenye fiksa ili baka liwe angavu na lisiendelee kubadilika kadiri miaka inavyopita. Kuzuia ni rahisi: fanya mazoezi mchana kweupe kwa mkanda wa kutupa, macho yakiwa wazi, kisha ukiwa umefumba, mpaka vidole vijue njia.

Wakazi wa nyanda kavu na zenye baridi watakutana na alama ya tatu ambayo watu wa pwani huiona kwa nadra: vistari vyeusi vyenye matawi. Huo ni umeme tuli, cheche iliyoruka filamu iliporudishwa kwenye kaseti kwa kasi au ilipovutwa ghafla. Zungusha kishikio cha kurudishia polepole.

Mwanga uliovuja

Ukungu mweusi unaotoka ukingoni na kufifia kuelekea katikati ni mwanga uliovuja. Kamera za miaka ya 1970 na 1980 ziliwekewa sponji kwenye mlango wa nyuma, na sponji hiyo imekwisha muda wake. Hugeuka kuwa unga au utomvu unaonata. Mwanga huingilia hasa upande wa bawaba na kupenya kwenye matundu ya filamu, ukiacha weusi unaofuata nafasi za matundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta: safisha mfereji wa mlango kwa spiriti na kijiti cha pamba, kisha laza uzi mweusi wa sufi au sponji mpya nyembamba.

Ukitaka kujua kama mwanga unavuja kwenye kamera au kwenye tangi, linganisha fremu. Uvujaji wa kamera huzidi kwenye fremu iliyokaa muda mrefu juani kabla ya kusogezwa, na huwa haba kwenye fremu zilizopigwa mfululizo. Uvujaji wa tangi au wa mfuko wa giza haujui fremu ni nini. Hupita juu ya picha na nafasi kati ya picha bila kuchagua, na mara nyingi huzidi kwenye mizunguko ya nje.

Maziwa, zambarau na nyufa

Filamu ikitoka tangini ikiwa na utando wa maziwa mkanda mzima, usihuzunike. Fiksa haijamaliza kazi. Irudishe kwenye fiksa mpya, hata mbele ya mwanga, na utando utaondoka. Rangi ya zambarau au waridi iliyobaki kwenye filamu kama T-Max mara nyingi ni ya vitia-rangi vya kiwandani. Fiksa mpya, muda wa kutosha na kusuuza vizuri huipunguza hadi isiwe na madhara.

Uhai wa fiksa hupimwa kwa kipande cha ulimi ambacho hakijasafishwa. Weka tone moja la fiksa juu yake, subiri nusu dakika, kisha kitumbukize chote. Hesabu muda mpaka usiweze tena kuona mahali tone lilipokuwa. Huo ndio muda wa kung'aa. Filamu yako ikae ndani ya fiksa angalau mara mbili ya muda huo, na filamu za kizazi kipya kama T-Max na Delta mara tatu. Siku utakapoona muda wa kung'aa umefikia maradufu ya ule wa fiksa mpya, fiksa hiyo imekwisha.

Hapa lazima tuzungumze juu ya joto, maana vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu ambao maji yao ya bomba ni baridi. Kipimo chao ni nyuzi 20 za selsiasi. Dar es Salaam au Mombasa, maji yaliyoshinda kwenye tangi la juu ya paa hupita hapo kwa mbali. Kuna njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni kuzipoza chupa zote za dawa pamoja na maji ya kusuuzia ndani ya beseni lenye chupa za maji yaliyogandishwa. Usitie barafu ndani ya dawa, itaizimua. Ya pili ni kukubali nyuzi 24 na kupunguza muda: dawa inayohitaji dakika 10 kwa nyuzi 20 huhitaji takriban dakika 7 kwa nyuzi 24. Muda usishuke chini ya dakika tano, kwa sababu hapo dawa haiwahi kusambaa sawasawa na mabaka hutokea angani. Dawa ya kusafishia ya D-76 au ID-11 iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa hurefusha muda na kukupa nafasi ya kupumua.

Lililo muhimu kuliko namba yenyewe ni usawa. Dawa ya kusafishia, maji ya kusimamishia, fiksa na maji ya kusuuzia viwe na joto linalokaribiana, tofauti isizidi nyuzi mbili tatu. Jeleti hufura kwenye joto na hujikunja kwenye baridi. Ikitupwa kwa ghafla kutoka kwenye hali moja hadi nyingine, hupasuka nyufa ndogondogo kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Filamu za siku hizi zimeimarishwa na huvumilia zaidi kuliko za zamani, lakini nyufa hizo zikishatokea hakuna dawa ya kuzifuta. Jeleti yenye joto pia ni laini mno. Kucha, chembe ya mchanga au mpira wa kukamulia maji vitaikwangua kwa urahisi.

Mikwaruzo na madoa ya kukaushia

Mkwaruzo usomwe kwa mwelekeo na upande. Mstari ulionyooka kabisa, sambamba na ukingo, unaopita fremu zote pamoja na nafasi kati yake, ulichorwa filamu ilipokuwa ikivutwa. Ukiwa upande wa plastiki, kagua bamba la kubania nyuma ya kamera. Ukiwa upande wa utando, shuku mchanga kwenye kitambaa cha mdomo wa kaseti au kitu kilichokwama kwenye dirisha la filamu. Mstari unaoyumba, unaoanza ghafla na kuishia ghafla, ulichorwa baada ya kusafisha, na mara nyingi ni vidole au mpira wa kukamulia maji. Shauri langu kwa anayesafisha nyumbani ni hili: usikamue. Acha maji yateremke yenyewe.

Hayo maji ya mwisho ndiyo yanayoacha madoa ya mviringo yenye ukingo mweupe. Ni chumvi za kalsiamu na magnesi zilizobaki baada ya tone kukauka, na maji ya visima vya chumvichumvi huziacha kwa wingi. Suuza kwa maji ya kawaida kwa njia ya Ilford: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Kisha mwisho kabisa tumia maji yasiyo na chumvi. Vituo vya mafuta na maduka ya vipuri huuza maji ya betri; hakikisha ni maji matupu, si asidi, maana chupa zake hufanana. Ongeza dawa ya kutelezesha maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Photo-Flo 200 ni mililita 5 kwa lita. Usizidishe ukidhani utapata matokeo bora. Ikizidi huacha michirizi ya mafuta, na povu lake huacha viduara.

Doa la maji likiwa upande wa plastiki, lipulizie pumzi na ulifute taratibu kwa kitambaa laini cha miwani. Likiwa upande wa utando, usilisugue. Iloweke filamu yote tena ndani ya maji yasiyo na chumvi yenye dawa ya kutelezesha, dakika kumi au zaidi, kisha itundike upya.

Tundika bafuni baada ya kumwaga maji sakafuni, madirisha yakiwa yamefungwa, ili vumbi litue. Usiwashe feni. Nyakati za masika filamu hukawia kukauka, na jeleti mbichi ni chakula: mende huila usiku na kuacha mabaka angavu yenye kingo za kuguguniwa. Kuvu nayo huota filamu ikihifadhiwa penye unyevu unaozidi asilimia 60 kwa muda mrefu, na hutandaza nyuzi ambazo baadaye haziondoki bila kuharibu utando. Filamu ikishakauka, ihifadhi kwenye kurasa zake, ndani ya boksi linalofungwa vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe kila vinapochoka.

Mkanda wa majaribio

Ukisoma ukingo, ukajibu maswali manne, na bado ukabaki na mashaka kati ya sababu mbili, toa mkanda mmoja uwe wa majaribio. Piga ukuta mweupe uliopata mwanga sawasawa, lenzi ikiwa imetolewa kwenye shabaha, fremu zote kwa kipimo kimoja. Negativu zitatoka kijivu kitupu, na juu ya kijivu hicho hakuna kasoro ya kamera, ya kutikisa wala ya kukausha itakayojificha. Ukate mkanda huo gizani sehemu mbili, na usafishe kila sehemu peke yake. Badili jambo moja tu kati ya sehemu ya kwanza na ya pili: kutikisa, au maji, au tangi. Jambo moja.

Kila mkanda uwe na mistari michache daftarini: tarehe, filamu, kamera, dawa na kiasi cha kuizimua, joto, dakika, jinsi ulivyotikisa, na maji yalikotoka. Daftari hilo likifika kurasa ishirini litakufaa kuliko ushauri wa mtu yeyote, kwa sababu linaeleza maji yako, joto la nyumba yako na mikono yako.

Na negativu yenye doa usiitupe. Picha inaweza kupigwa tena, lakini ushahidi uliotupwa haupatikani tena, na ukikosa ushahidi utarudia kosa lilelile kwenye mkanda wa arusi au wa mazishi ya mtu wako. Ihifadhi pamoja na zile nzuri, andika pembeni chanzo ulichokithibitisha, na mwenzako anayeanza akikuletea mkanda wake wenye alama, mwonyeshe kwanza ukingo.